MWALIMU KWANZA, KOMPYUTA BAADAYE

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo mikutanoni hupigiwa makofi mengi na kisha husahauliwa mara watu wanapotawanyika. Jambo hilo ni somo la kompyuta katika shule zetu. Kila apandaye jukwaani siku hizi huahidi kompyuta, na watu hushangilia. Hatujasikia hata siku moja mtu akisimama kwenye jukwaa hilohilo akauliza: Je, mwalimu atakayelifundisha somo hilo ameanzishwa na nani?

Twauliza sisi, kwa kuwa kabla ya kuingia kazi hii ya kuzunguka matawini tulipita chuo cha ualimu, na wenzetu tuliosoma nao wako madarasani hivi sasa. Twajua mambo yalivyo. Mwalimu wa hesabu au wa jiografia huitwa ofisini akaambiwa, "Wewe kijana una simu kubwa, tangu Jumatatu utafundisha kompyuta." Hapewi kitabu cha kumwongoza, hapewi mwenzake wa kumuuliza, wala hapewi saa moja ya kujitayarisha. Anachokabidhiwa ni ufunguo. Tumeona shule, wala hatuitaji jina, ambamo mashine zilizoletwa kwa ngoma na hotuba zilikaa zimefunikwa vitambaa vizuri vya kufuma, na mlango ukatiwa kufuli mbili. Mgeni akija hufunguliwa akaonyeshwa. Watoto wao huchungulia dirishani. Mtu aliyekabidhiwa mali ya umma asiyoijua, naye ajua kuwa ikiharibika ataandikiwa barua, atafanya nini ila kuifungia?

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya vijana wa mjini, na kwamba mkulima hayamhusu. Yamhusu sana. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho imeanza kuendeshwa kwa mtambo wa soko la bidhaa. Mnunuzi aweka bei yake ndani ya mashine, na mkulima akaja kuisoma. Fedha zake zampitia kwenye simu. Mbolea ya ruzuku huipata kwa namba aliyoandikishwa. Maisha ya kabwela yamekwisha kuingizwa ndani ya mashine hizi, apende asipende. Lililobaki ni kujua nani anaziandikia amri, na mtoto wa nani atakayeziandikia kesho. Katika shule za kulipia za mjini wako watoto wa miaka tisa wanaofundishwa kuiamrisha kompyuta. Mtoto wa kijijini akiachwa aitazame dirishani, basi tunajenga taifa la watu wa namna mbili, wenye kuamuru na wenye kuamriwa, na sisi tulidhani tumekwisha kuachana na jambo hilo.

Nchi yetu ina kumbukumbu yake katika habari hii. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wengi hucheka wakisikia hivyo, wakadhani wazee walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Mashine zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha nyingi, hesabu za Serikali zikavurugika ndani yake, na wa kuzirekebisha alikuwa mgeni wa kuajiriwa, kwa kuwa wataalamu wetu wenyewe walikuwa wachache mno. Marufuku ile ilituchelewesha, hilo halina ubishi. Lakini maradhi waliyoyaona yalikuwa ya kweli, nayo ni kuitanguliza mashine mbele ya mtu.

Maradhi hayo hayakutupata sisi peke yetu. Hata Uingereza, iliyotutawala na kututungia mitihani, iliugua vivyo hivyo juzijuzi tu. Januari 2012 Royal Society, chama chao kikuu cha wanasayansi, ilitoa ripoti ikasema kuwa somo la kompyuta shuleni limekuwa la kufundisha watoto kuchapa barua na kupanga picha, na limewachosha. Septemba 2014 likaanza somo jipya la kisayansi kwa watoto wote tangu umri wa miaka mitano. Waziri alikwisha kutangaza, vitabu vikachapwa, na mwalimu wa darasa akajikuta hajui pa kuanzia. Mwaka 2017 Royal Society hiyohiyo ikarudi kutazama, ikaona kuwa ufundishaji ni wa viraka-viraka na walimu wengi hawajiamini. Ndipo Serikali yao ikatenga paundi milioni 84 kuwaandaa walimu, na kituo cha taifa cha kazi hiyo kikaanza 2018. Yaani mwalimu alikumbukwa miaka minne baada ya somo kuanza. Kilichowaokoa katikati ya hapo kilikuwa kikundi kilichoanzishwa mwaka 2008 na walimu wenyewe pamoja na watu wa vyuo vikuu na viwanda, walimu wakikutana baada ya saa za kazi kufundishana. Hakikuanza kwa fedha nyingi. Kilianza kwa watu kukutana.

Jirani zetu wa Kenya nao waliahidiwa kompyuta za watoto katika uchaguzi wa 2013. Tangu 2016 zikagawanywa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Ni kazi kubwa, wala hatuidharau. Walimu walipewa mafunzo mafupi, na magazeti ya huko yameandika mara nyingi juu ya mashine zilizofungiwa stoo kwa kuogopa wezi. Sisi tulio nyuma yao tuna bahati ya kujifunza bila kulipa.

Sasa tulitazame somo lenyewe, maana wengi hulikosea. Hudhani kuwa kufundisha kompyuta ni kumfundisha mtoto kuwasha mashine, kuandika barua na kufungua picha. Hayo ni matumizi, nayo yafaa, lakini ajuaye kupanda basi hajawa dereva, na dereva hajawa fundi. Sayansi ya kompyuta ni elimu ya kulipasua jambo kubwa vipande vidogo, kuvipanga vipande hivyo kwa mfuatano ulio sahihi, na kuviandika kwa maneno ambayo mtumishi asiye na akili yake mwenyewe ataweza kuyafuata. Elimu hiyo, ndugu, haihitaji umeme siku ya kwanza. Na hapa ndipo tunapotaka walimu wetu watusikilize vizuri.

Chukua kadi tano. Boksi la sabuni lililokatwa latosha. Ya kwanza itie nukta moja, ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane, na ya tano kumi na sita. Waite watoto watano wasimame mbele ya darasa, kila mmoja na kadi yake, mwenye kumi na sita akiwa kushoto kwa watazamaji na mwenye moja akiwa kulia. Waambie wenzao: Twataka nukta kumi na tisa; nani aionyeshe kadi yake, na nani aigeuze? Watabishana, kisha wataona wenyewe kuwa kumi na sita, mbili na moja ndizo za kuonyeshwa, na nane na nne zigeuzwe. Andika ubaoni 1 kwa kadi ionekanayo na 0 kwa iliyogeuzwa, nayo yatoka 10011. Hapo mtoto wa darasa la tano amekwisha kuijua siri iliyomo ndani ya simu ya baba yake: kila namba, kila herufi na kila picha huwekwa humo kwa ndiyo na siyo. Kisha muulize, kwa kadi hizi tano namba kubwa kupita zote ni ipi? Ni 31. Na kadi ya sita itakuwa na nukta ngapi? Atajibu 32 kabla hujamaliza kuuliza.

Au andika namba moja kati ya 1 na 1,000 kwenye karatasi uifiche, na watoto waulize maswali ya ndiyo au siyo tu. Asiyefikiri atauliza, "Ni 37? Ni 612?", naye aweza kuuliza mpaka jua lizame. Mwenye akili atauliza, "Yazidi 500?" Kwa jibu moja tu nusu ya namba zote zimetupwa. Akiendelea kukata nusu kwa nusu, maswali kumi yatosha kuipata namba yoyote. Hivyo ndivyo mashine iwezavyo kulipata jina moja katika orodha ndefu iliyopangwa, na ndiyo sababu orodha hupangwa kwanza.

Mchezo tuupendao zaidi ni wa tatu. Chora miraba uwanjani kwa fimbo. Mtoto mmoja awe mashine. Mwenzake aandike amri kwenye karatasi: hatua mbili mbele, geuka kulia, hatua tatu mbele, okota jiwe. Mashine ifuate yaliyoandikwa tu, si yaliyokusudiwa. Mara nyingi mashine itakwenda kuugonga mwembe, na darasa zima litacheka. Hapo mwalimu asimkemee mwandishi wa amri. Amwambie aisome karatasi yake mstari kwa mstari, atafute ni wapi alipokosea, arekebishe, ajaribu tena. Sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi wa programu ni hiyo ya kutafuta kosa. Wengi wetu tulisoma chini ya fimbo, na mtoto wa fimbo hujifunza kulificha kosa lake. Somo hili lataka alitoe nje mbele ya wenzake alitazame. Mwalimu atakayeliweza jambo hilo moja atakuwa amebadilisha hata somo lake la hesabu.

Michezo ya namna hii hatukuibuni sisi. Tangu miaka ya 1990 Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake Ian Witten na Mike Fellows, waliikusanya ili somo lifundishwe bila mashine hata moja, na mkusanyo wao hutolewa bure. Lakini mtu asidhani kuwa akili hiyo ni ya kigeni. Watazameni wazee barazani wakicheza bao. Mashimo ni 32, kete ni 64, namba zilezile za kwenye kadi zetu. Mchezaji mzuri hutembeza kete kichwani, akaona mkono wake utaishia shimo lipi kabla hajagusa kitu, na akigundua kuwa ataliwa huibadili njia. Mwalimu amwite mzee huyo darasani siku moja, awaeleze watoto anavyofikiri. Hatatoza posho.

Hatusemi kwamba kadi na kete zatosha. Zikimfikisha mtoto mlangoni, lazima mlango ufunguliwe, na mashine iwepo. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyeupinga ubaguzi wa Makaburu tangu ujana wake, alikwenda kufanya kazi Marekani, na mwaka 1967 yeye na wenzake wakatunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto iitwayo Logo. Shabaha yake ilikuwa mtoto aiongoze mashine, si mashine imwongoze mtoto. Kutokana na fikra zake ikatoka Scratch mwaka 2007, ambayo mtoto hupanga amri kwa kuunganisha vipande kama matofali. Hiyo yapatikana kwa Kiswahili, ni bure, na ikishatiwa ndani ya kompyuta yafanya kazi pasipo intaneti. Mashine moja iliyochakaa kwa watoto sita yatosha kuanzia, kwa zamu, mmoja akiandika na wengine wakimsahihisha.

Tena tusitishwe na wale wasemao ati somo hili haliwezekani ila kwa Kiingereza. Mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, twajua, na mwalimu hana budi kuwatayarisha watoto kwa huo. Lakini kufikiri kwa mfuatano hakuna lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na lugha yetu haikupasuka.

Basi mwalimu aanzishwe namna gani? Twaanza kwa kusema isivyofaa. Haifai semina ya siku tatu hotelini, ambayo mwalimu hurudi nayo na cheti, fulana na picha ya pamoja. Siku ya semina kila kitu chaeleweka. Shida yaja Jumanne ya juma la pili, mtoto anapouliza swali na mwalimu hana jibu, wala hana wa kumwendea. Anachohitaji mwalimu ni jirani. Awe na mwenzake wa shule ya pili aliyefundisha somo hilohilo juma lililopita, wakae chini ya mti, waambiane, "Mimi pale watoto walinishinda, wewe ulifanyaje?"

Nasi chombo cha kazi hiyo tunacho. Ni MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye jumuiya za kujifunza katika kila shule na vituo vya walimu katani. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na Sayansi ya Kompyuta imo katika masomo ya sekondari. Hatuombi kiundwe chombo kingine cha kula mishahara. Twaomba kila kata iwe na alasiri moja katika juma mbili kwa walimu wa somo hili, wa msingi na wa sekondari pamoja, na kila mmoja akienda aende na jambo moja alilolifundisha. Waende wawili kutoka kila shule. Akienda mmoja, mwezi wa pili hupata uhamisho, na somo likahama naye. Na katika hao wawili mmoja awe mwanamke. Tumechoka kuona ufunguo wa mashine akipewa daima kijana wa kiume, na wasichana wakaelewa, bila kuambiwa na mtu, kuwa chumba kile si chao.

Kujifunza huku ukifundisha si jambo geni kwetu. Mwaka 1974 TANU iliamua mjini Musoma kuwa kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na walimu walikuwa hawapo. Vijana wakachaguliwa vijijini mwao, wakafundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu iliyobaki, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa mkufunzi aliyewatembelea, kisha wakaitwa chuoni majuma machache kabla ya mtihani. Kati ya 1976 na 1984 walifuzu kwa njia hiyo zaidi ya 35,000. Wapo wanaowabeza mpaka leo kwa jina la walimu wa UPE. Upungufu walikuwa nao, na pahali pengi elimu iliumia kwa kuwa mkufunzi hakufika na redio haikuwa na betri. Lakini hao walikuwa vijana wa darasa la saba waliopewa kazi yote ya ualimu kwa mara moja. Mwalimu wa leo amekwisha kuusomea ualimu. Lililobaki ni somo moja jipya. Tukishindwa hili, tutasema nini mbele ya wale?

Mwananchi mmoja alitusimamisha mkutanoni akasema, "Mwasema kompyuta, na watoto wetu wanakaa chini. Madawati kwanza!" Alisema kweli, na hatukumbishia. Fedha za madawati zisiguswe hata senti. Kadi za boksi la sabuni haziwanyang'anyi watoto dawati, wala walimu wawili kukutana hakuzuii ukuta kujengwa. Tunachokikataa ni kungoja. Tukingoja kila shule ipate umeme, madawati na mashine ndipo tumfikirie mwalimu, kizazi hiki kitakuwa kimekwisha kuoa.

Kwa matawi yetu kazi ni hizi, nazo ni za mikono. Mwalimu anapokwenda kituoni alasiri, nauli yake ya bodaboda itoke mfuko wa tawi, maana mara nyingi huo ndio mlima. Chumba cha mashine kikivuja, vijana wapande juu ya paa. Kamati ya shule izungumze na mkuu wa shule ili barua ya onyo isiandikwe kwa kibonyezo kilichovunjika mtoto akijifunza. Vijana wetu walioko vyuo vikuu, wakija likizo, wakae na mwalimu na kumsaidia, wala wasimpokonye darasa kwa kujionyesha. Wao wataondoka baada ya mwezi, na yeye atabaki. Tena kazi hii isiwe ya kadi. Mwalimu asiye mwanachama wetu ndiye mwalimu wa watoto wetu, asaidiwe sawasawa na mwingine.

Shule zikifunga mwezi wa Desemba walimu wengi hurudi kwao, na Januari hujikuta darasani pasipo matayarisho. Kwa hiyo makatibu wa matawi waanze sasa kuwauliza wakuu wa shule majina ya walimu wawiliwawili, wampelekee Afisa Elimu Kata, na wakubaliane naye siku ya kukutana kwa mara ya kwanza kabla ya likizo. Waje na mkasi, kalamu ya wino mzito na maboksi ya sabuni.